Uzi wa Mgomba Mlangoni

Huku kwetu Burundi, zamu ni mtu. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akilisikia neno hilo huwaza foleni ya maji, au saa za kuingia kazini. Sisi tukisema "zamu kalala," tunamsema mlinzi wa usiku, yule mzee wa koti refu na tochi anayekaa langoni mpaka adhana ya alfajiri. Kirundi kililichukua neno hilo kwenye Kiswahili, kikalivisha kiambishi chake, likawa umuzamu. Wakiwa wengi, abazamu.

Marehemu baba yangu alikuwa zamu mjini Gitega kwa miaka thelathini na moja. Alilinda maghala ya mfanyabiashara mmoja karibu na soko, milango saba kwenye safu moja, ndani mna chumvi, vitenge, sabuni na, msimu wake ukifika, magunia ya kahawa. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilianza kumpelekea chakula cha jioni, na ndipo nilipoiona kazi yake kwa karibu. Kabla giza halijaingia alikuwa akichana gome kavu la mgomba, anatoa nyuzi saba nyembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe. Kila mlango aliufunga uzi mmoja chini kabisa, karibu na bawaba, kutoka ubao hadi fremu, mahali ambapo mtu mzima hauoni bila kuinama. Kufuli lilikuwa juu, kubwa, la shaba, linang'aa. Nikamuuliza uzi huo utamzuia nani.

"Haumzuii mtu, mwanangu," alisema. "Wa kuzuia ni kufuli. Uzi ni wa kuniambia kama kufuli limeshindwa."

Nililikumbuka jibu hilo miezi michache iliyopita hapa Muyinga, ninakoishi tangu 2004 nikitengeneza kompyuta jirani na soko. Kijana wa sekondari aliniletea mashine iliyojaa virusi. Nilipokuwa naisafisha akaniuliza, "Mzee, ina maana hakuna kompyuta hata moja duniani isiyoweza kudukuliwa? Hata ya Wamarekani?" Nikamwambia hakuna. Hakuridhika. Alilipa, akachukua mashine yake, akaenda zake, nadhani akiamini nimezeeka na mambo yamenipita. Kosa lilikuwa langu: nilimpa jibu fupi kwa swali refu. Jibu lenyewe linaanza kabla umeme haujafika nchini, maana swali hilo Gitega imelijua zamani sana.

Kama kilomita saba kutoka Gitega mjini kuna kilima cha Gishora, zinakotunzwa ngoma za ufalme tangu enzi ya Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo. Wageni wanaofika leo huonyeshwa ngoma mbili zenye majina, Ruciteme na Murimirwa, na huchezewa ile ngoma ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Lakini ngoma iliyobeba ufalme wenyewe ni Karyenda, na hiyo haikuwa ya kuonyeshwa mgeni wala mwenyeji. Ilikaa katika nyumba yake, ikiwa na watunzaji wa koo maalumu na msichana aliyehesabiwa kuwa mke wake, Mukakaryenda. Ilitoka wakati wa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, kisha ikarudi gizani.

Tazama ulinzi ule ulivyopangwa. Kwanza ua wa nje wa rugo, makazi ya mfalme, na ndani yake nyua nyingine. Nyuma ya nyua, watu waliorithi kazi hiyo kwa baba zao na wanaofahamiana kwa sura. Nyuma ya watu, siri, kwa sababu kitu usichowahi kukiona ni vigumu kukiiba. Na nyuma ya siri, hofu, kwani aliyeigusa Karyenda aligusa nchi nzima. Mafundi wa kompyuta leo huuita mpango wa namna hii ulinzi wa tabaka, na makampuni huuuza kwa bei ghali.

Kwa adui wa nje, ulinzi huo ulifaa. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, mfanyabiashara mwenye nguvu wa Ujiji, alijaribu kuipenya Burundi kwa bunduki, na watu wa Mwezi wakamrudisha. Kapteni von Beringe, Mjerumani, alipomwandama Mwezi mwaka 1903, alikuwa na kitu ambacho Rumaliza hakuwa nacho: upande wake alisimama Maconco, mkwe wa mfalme mwenyewe, aliyekuwa ameasi. Mkwe amekula humo ndani. Anajua ua upi una pengo na nani anakesha wapi. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi aliyakubali masharti ya Wajerumani na akatozwa ng'ombe 424.

Miaka sitini na mitatu baadaye ufalme wenyewe uliondolewa, Novemba 28, 1966, na Michel Micombero, aliyekuwa waziri mkuu wa mfalme kijana, Ntare wa Tano. Huyo hakuwa na haja ya kuruka ua. Aliingia kwa lango kuu, akiwa na cheo alichopewa na mwenye nyumba. Wahenga wa pwani walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini tuwarudie Wajerumani. Waliuhamisha utawala wao kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, kuja Kitega, kama walivyoliandika jina la Gitega, mwaka 1912, na Boma lao lingali limesimama mjini. Walikuja na sefu, kufuli, vitabu vya hesabu na makarani waliosema Kiswahili. Wabelgiji walipouteka mji Juni 1916 waliyakuta hayo yote na wakayaendeleza. Mtaa wa Waswahili nilikozaliwa ulikuwa wa watoto na wajukuu wa askari, wapagazi na wachuuzi waliofuatana na misafara ya wakoloni hao. Waarabu, Wahindi na Wagiriki wakafungua maduka, na duka ndilo lililomzaa zamu. Rugo la mkulima hulindwa na wenyewe wanaolala humo. Duka lina mali nyingi na usiku halina mtu, kwa hiyo ilibidi kukesha kuwe ajira.

Kuhusu kufuli, niliaga imani yangu mwaka 1978. Duka moja jirani na maghala ya baba lilikuwa na kufuli la Ulaya ambalo mwenyewe alijisifia msikitini. Wezi hawakuligusa. Walikwenda upande wa nyuma, wakaumwagia maji ukuta wa tofali bichi, kidogo kidogo, usiku kucha, na tofali lilipolainika wakalikata kwa kisu kama ugali. Asubuhi mwenye duka alifungua kufuli lake kwa ufunguo, taratibu, akaingia ndani, akakuta jua.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba London ilikuwa imepata fedheha kama hiyo zaidi ya karne moja kabla yetu. Tangu mwaka 1790 kampuni ya Bramah ilikuwa imetundika kufuli dirishani mwa duka lake, na tangazo: atakayelifungua bila ufunguo atapata gini 200. Kwa zaidi ya miaka sitini hakutokea aliyeweza. Kampuni nyingine, Chubb, ilitengeneza kufuli lenye ujanja wa baba yangu ndani yake: likichokonolewa lilijibana, na mwenye nyumba akija na ufunguo alijua kuna mkono umepita hapo. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu, Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs alifika na vyuma vyake vidogo. La Chubb alilifungua mbele ya mashahidi. La Bramah lilimchukua saa 51 zilizogawanywa kwa siku 16, nalo likafunguka, akalipwa. Waingereza walikasirika, magazeti yakauliza kama ni haki kufundisha watu mambo hayo. Hobbs alishikilia kwamba wezi walikuwa wanayajua tayari, na waliokuwa hawayajui ni wenye mali.

Hadi leo watu wa kompyuta wanagombana juu ya jambo hilohilo: anayegundua ufa autangaze, au anyamaze?

Kompyuta ya kwanza niliigusa mwaka 1991, katika ofisi moja mjini Gitega nilikokuwa mpiga taipu. Zilikuja mbili, zikawekwa katika chumba chenye pazia, zikafunikwa kwa kitambaa kilichofumwa kama cha kufunikia redio. Mkuu wetu alitupa neno moja la siri, sote wanane, na kwa kuwa alikuwa akilisahau, aliliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, mwezi wa Desemba, akiamini hakuna anayefungua Desemba mwezi wa Machi. Aliyekuwa akifagia chumba alilijua kabla yangu.

Siku moja, mchana, nikiwa nachapa barua, herufi zilianza kuachia mistari yake na kudondoka chini ya skrini, moja moja, kama maua ya kahawa baada ya mvua. Niliinua mikono nikidhani nimevunja mashine ya serikali. Kumbe ilikuwa ni Cascade, kirusi cha miaka ya themanini, kilichopanda kwenye diski laini iliyotoka Bujumbura na barua za kazi. Hakikuiba kitu. Kilitufundisha tu kwamba mlango wetu ulikuwa ile diski, nasi tulikuwa tunaupokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Baada ya hapo nilianza kutafuta habari za virusi kama wengine wanavyotafuta habari za mpira. Nikakuta kwamba kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo za ofisini, Brain, kilitoka Lahore, Pakistani, mwaka 1986. Walikiandika ndugu wawili wenye duka la kompyuta, Basit na Amjad Farooq Alvi, na ndani yake wakaweka majina yao, anwani na namba ya simu ya duka. Mwizi gani huacha kadi yake? Walisema walitaka kuwafuatilia walionakili programu yao bila kulipa.

Nikakuta pia kwamba neno la siri lenyewe, hili tunaloliita nywila, lilianza kuvuja karibu tangu siku lilipozaliwa. Chuo cha MIT huko Marekani kilikuwa na kompyuta moja kubwa ya kutumiwa na watu wengi kwa zamu, na kila mtu alikuwa na neno lake na saa zake. Mwanafunzi Allan Scherr alipewa saa nne kwa wiki, hazikumtosha. Ijumaa moja usiku mwaka 1962 aliwasilisha kadi ya kuomba faili ya maneno ya siri ya watu wote ichapwe, na Jumamosi asubuhi akaichukua pale karatasi zilipokuwa zinawekwa. Miaka minne baadaye, kwenye mtambo uleule, faili mbili zilibadilishana nafasi kwa bahati mbaya, ile ya salamu za siku na ile ya maneno ya siri, kila aliyeingia akasalimiwa kwa orodha ya nywila za chuo kizima. Kalenda ya mkuu wetu wa Gitega ilikuwa na kaka yake mkubwa Marekani.

Nilipohamia Muyinga nilikuwa na kompyuta tatu kuukuu na wateja wa kuchapisha barua za maombi ya kazi. Intaneti ilikuwa ya kuomba Mungu, ilitoka angani kwa dishi, mvua ikinyesha inakatika. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia 2009, sisi tusio na bahari tulisubiri uzi uchimbiwe kando ya barabara hadi kwetu. Ulipofika, bei zikashuka na kasi ikapanda, nami nikafurahi kama kila mtu. Sikuwaza wakati huo kwamba barabara haina upande mmoja. Muyinga tunapaswa kulijua hilo: tumekaa njiani kuelekea mpaka wa Kobero, na lori linaloleta mchele wa Tanzania ndilo hilo linaloweza kuleta kisichoandikwa kwenye hati.

Kisha zikaja pesa za kwenye simu. Sasa kila bibi wa sokoni ana benki kwenye mfuko wa kitenge, na mlango wa benki hiyo ni namba chache za siri. Shangazi yangu aliuza maharage ya msimu mzima, akaziweka fedha humo. Wiki hiyohiyo alipigiwa simu na kijana mwenye Kirundi kizuri na adabu nyingi, anayemwita mama. Akamwambia zimetumwa kwake fedha kwa makosa, yeye ni yatima, tafadhali amrudishie, na ili kurahisisha abonyeze namba atakazomtajia. Shangazi alibonyeza. Mwishoni simu ikamwomba namba ya siri, akaiweka, kwa sababu kila siku akimtumia mtu fedha huiweka.

Kampuni ya simu tulipoiendea ilieleza kwamba mitambo yake haikuguswa. Nami nikaamini, kwa maana mitambo ilifanya ilichoagizwa. Nilikumbuka kufuli la yule jirani yetu wa Gitega, lililofungwa vizuri mpaka asubuhi.

"Mwanangu," shangazi aliniambia, "mimi sikuibiwa. Nilitoa mwenyewe."

Yaliyompata shangazi yaliwapata wakubwa pia. Februari 2016, benki kuu ya Bangladesh iliingiliwa. Wezi walikaa ndani ya mitambo kwa muda, wakijifunza, kama mwizi anayekuja dukani wiki nzima kununua kiberiti. Walichagua usiku wa Alhamisi tarehe 4, kwa kuwa Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi. New York, fedha zilikowekwa, hupumzika Jumamosi na Jumapili. Na Jumatatu iliyofuata Manila, zilikokuwa zinakwenda, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Yaani waliiba katikati ya zamu. Tena waliizima printa iliyokuwa ikichapa kila muamala saa ishirini na nne, ili asubuhi pasiwe na karatasi ya kumshtua mtu. Huo ulikuwa uzi wa mgomba wa benki ile, na mwizi alijua kuinama. Waliagiza karibu dola milioni 951. Dola milioni 81 zilikwenda Manila. Milioni 20 nyingine zilizoelekea Sri Lanka zilikamatwa kwa sababu wezi walikosea tahajia ya jina la mpokeaji, na karani mmoja akatilia shaka.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Alitaka kujua kama mwisho wa haya yote utafika, kama siku moja atatokea fundi aseme, hii hapa, imekamilika, haiingiliki. Kuna Mmarekani aliyelichukua swali hilo kwa hesabu, Fred Cohen. Mwaka 1984 alionyesha kwamba haiwezekani kuandika programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea. Hoja yake naweza kuisimulia langoni.

Tuseme tumempata zamu asiyekosea kamwe. Ukimwonyesha mtu yeyote, anakuambia kama usiku huu ataiba au hataiba. Mwizi mjanja anamwendea huyo zamu mapema, anamuuliza, "Je, mimi nitaiba leo?" Akiambiwa ataiba, anarudi kwake analala. Akiambiwa hataiba, anakwenda kuiba. Kwa jibu lolote, zamu asiyekosea amekosea. Hakuna mshahara wala mafunzo yatakayomponya, kwa sababu ufa uko ndani ya swali.

Mwaka mmoja kabla, 1983, Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, aliposimama kupokea tuzo ya Turing, alieleza jambo la kutisha zaidi. Unaweza kuichunguza programu mstari kwa mstari usione kosa, na bado ikawa na mlango wa siri, kama chombo kilichoitengeneza ndicho kilichotiwa ila. Ni sawa na kuukagua ufunguo na kufuli, ukamsahau fundi aliyevichonga, na aliyemuuzia fundi tupa. Waafrika tulilionja hilo. Makao makuu ya Umoja wa Afrika huko Addis Ababa, jengo tulilozawadiwa na China, yalifunguliwa Januari 2012. Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba kwa miaka mitano, kila usiku kati ya saa sita na saa nane, data za jengo hilo zilikuwa zikipelekwa Shanghai. China ilikanusha vikali. Sina ushahidi wa kuamua kesi hiyo, ila najua tofauti ya nyumba uliyoijenga na nyumba uliyopewa: hiyo ya pili hujui ukuta wake una nini.

Wapo watakaosema basi tuizime mashine, tuing'oe waya. Wairani walifanya karibu na hivyo. Mitambo yao ya kurutubisha urani huko Natanz haikuunganishwa na intaneti. Mwaka 2010 iligunduliwa programu iitwayo Stuxnet, iliyowafikia kwa flashi, ikaiendesha mitambo vibaya huku skrini zikionyesha kila kitu ni salama. Waya haukuwapo, mtu aliyebeba flashi alikuwapo. Ni ile diski yetu ya Gitega, ila imesoma.

Na wakati mwingine kuzimika huokoa. Sisi tuliozoea umeme unaokatika tukiwa katikati ya barua tutakipenda kisa hiki. Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kiliikumba Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, kikafuta kompyuta zake duniani kote. Ilibidi waweke upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Walikuwa na nakala za mambo mengi, lakini ile seva inayojua nani ni nani ndani ya kampuni, na nani anaruhusiwa nini, ilikuwa imefutwa kila mahali. Kila mahali isipokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla kirusi hakijafika, na mashine ililala salama. Mfanyakazi akaruka na ndege kutoka Ghana hadi Nigeria, akaikabidhi diski yenye data kwa mwenzake uwanja wa ndege, mwenzake akaipeleka Uingereza. Kampuni iliyobeba shehena za dunia iliinuliwa na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi.

Gitega sasa ni mji mkuu wa kisiasa, tangu bunge lilipopiga kura Januari 2019, na ofisi zinaongezeka, kila ofisi na kompyuta zake. Mwaka 2022 nchi ilipata sheria ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mitandaoni. Muyinga tangu 2025 imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, na makaratasi ya mikoa ya zamani yanahamia kwenye mashine. Julai 2023 majirani zetu Wakenya waliona huduma zao za eCitizen zikikwama kwa siku kadhaa, kwa kuwa waliojificha nyuma ya jina la Anonymous Sudan walimimina maombi bandia mlangoni mpaka wenye haja wakakosa pa kupita. Yatatufikia na sisi, kwa mlango ambao bado hatujaufikiria.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana halijabadilika: kompyuta isiyoingilika hakuna, na hesabu zenyewe zimekataa. Lakini nilipaswa kumwambia kilichobaki. Hobbs alihitaji saa 51. Kufuli zuri linanunua saa, na saa hizo ni za mtu aliye macho. Kama hakuna aliye macho, umenunua bure. Basi weka neno la siri ambalo shangazi yako hawezi kulikisia, na usilitumie kwenye milango miwili. Weka nakala ya kazi yako kwenye diski, kisha ichomoe, ilale gizani kama Karyenda. Namba ya siri usiiweke kwa agizo la sauti usiyoijua, hata ikikuita mama. Usisubiri kuibiwa ndipo uangalie. Angalia kila siku nani ameingia kwenye akaunti yako na lini. Na ukiwa na ofisi, mtendee vema anayefagia, kwa sababu kalenda anaiona yeye.

Katika miaka thelathini na moja ya baba, maghala yale saba yaliibiwa mara mbili. Kufuli zilikuwa nzuri, na zote mbili zilifunguliwa. Mara zote mbili ni baba aliyemgongea mwenye mali dirishani kabla ya adhana, mkononi ameshika uzi uliokatika.